UZI: Mashine inajuaje jicho linaangalia wapi? Nimemtengenezea baba mdogo, njooni tuelekezane

#1 Kinyota (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Baba yangu mdogo anaumwa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Ulianzia mkono wa kulia, ukashuka miguuni, mwaka jana ukafika kwenye ulimi. Akili yake ni ileile. Anafuatilia taarifa ya habari, na anamtambua mgeni kwa hatua zake tu, mgeni akiwa bado koridoni. Kusema ndiyo hawezi. Kilichobaki chini ya amri yake ni macho. Siku zote tumekuwa tukitumia ubao wa herufi: mtu anapitisha kidole, yeye anapepesa kidole kikifika kwenye herufi anayoitaka. Sentensi moja inakula robo saa, na mara nyingi anayeshika ubao ndiye anayechoka kwanza.

Mimi programu ndizo zinazonilisha, nikaona kazi hii ni yangu. Nilitaka kamera ikae chini ya skrini, umbali wa sentimita 60 hivi, yeye asivae kitu chochote usoni, kompyuta itambue anaangalia herufi gani. Vifaa vya dukani vipo, Tobii ya Sweden wamekuwa kwenye kazi hii tangu 2001, ila bei yake kwa familia yetu haikuwezekana.

Nafungua uzi huu kwa sababu nilipoteza miezi mitatu mahali ambapo sikupaswa kupita kabisa, na najua wapo wengine humu wenye mgonjwa wa aina hii nyumbani.

Nilichokosea ni kuanza na programu. Nilichukua kamera ya laptopu kama ilivyo, nikatafuta uso kwa njia ya Viola na Jones ya 2001 ambayo iko tayari ndani ya OpenCV (maktaba ya programu za kuchakata picha), kisha nikatafuta kitovu cha jicho kwa njia ya Timm na Barth ya 2011. Hiyo inaangalia mahali weusi unapogeuka kuwa weupe, halafu inauliza mishale yote ya mabadiliko hayo inakutana wapi. Ni njia nzuri sana na hesabu yake ni safi. Kwenye picha za mfano zilizoko mtandaoni ilikamata vizuri. Kwa baba mdogo nukta ilikuwa inarukaruka kama kumbikumbi kwenye taa. Nikabadilisha vichujio, nikaongeza hesabu, nikabadilisha tena. Usiku mwingi umepita hivyo.

Siku moja nikakuza picha ya jicho lake mpaka nikaona pikseli mojamoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Baba mdogo ana macho ya kahawia iliyokolea, kama wengi wetu. Kwenye mwanga wa kawaida, airisi (ile duara yenye rangi) na mboni iliyo katikati yake vilikuwa weusi mmoja. Hakuna mpaka. Algoriti niliyokuwa nikiilaumu ilikuwa inatafuta mstari ambao kamera haikuuchora. Mpaka pekee uliokuwepo ni ule wa airisi na weupe wa jicho, na huo kope la juu na la chini zinaukata, kwa hiyo kila kope likishuka kidogo kitovu kinahama.

Halafu nikapiga hesabu ambayo ningeipiga siku ya kwanza. Kamera ya laptopu yenye upana wa pikseli 1280 inaona karibu sentimita 70 za chumba kwa umbali ule. Airisi ya mtu ina upana wa milimita 12 hivi, kwa hiyo inapata pikseli kama 22 tu. Jicho likigeuka digrii moja, ambayo kwenye skrini ni sentimita moja, mboni inasogea chini ya milimita 0.2. Hiyo ni theluthi moja ya pikseli. Nilikuwa natafuta theluthi ya pikseli ndani ya weusi mtupu.

Nitaendelea na nilivyotoka hapo. Mwenye swali asisubiri nimalize.

#2 Nyundo_ya_Tisa

Nimekaa hapa mkuu, tiririka. Pole sana kwa baba mdogo, Mungu ampe wepesi.

#3 Kinyota (mleta uzi)

Asante mkuu.

Kilichonitoa ni mwanga. Melanini, ile rangi inayoyafanya macho yetu yawe meusi, inameza mwanga tunaouona lakini infraredi ya karibu (mwanga ambao jicho karibu haliuoni) inaimeza kidogo sana. Kwa hiyo ukimulika jicho la kahawia iliyokolea kwa taa ya nanomita 850 na kamera ikaona mwanga huo peke yake, airisi inageuka kijivu cha majivu na mboni inabaki shimo jeusi lenye ukingo mkali. Mara ya kwanza nilipoiona picha ya baba mdogo hivyo nilinyamaza nikaitazama tu. Lilikuwa jicho lilelile lililonitesa miezi mitatu, na sasa hata mtoto wa chekechea angeweza kuchora duara lake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza uchakataji wa picha unaanzia wapi, mimi namwambia unaanzia kwenye taa. Kila shilingi na kila saa unayoweka kwenye mwanga inakuokolea mamia ya mistari ya programu.

Nilivyovipata:

Kamera yenye kitambuzi cha OV9281, ya rangi moja, pikseli 1280 kwa 800. Nimeichagua kwa sababu inapiga pikseli zote kwa wakati mmoja. Kamera nyingi za bei rahisi zinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na jicho linaporuka, mboni inatoka imepinda.

Lenzi ya milimita 16. Hii inabana eneo la kuona liwe sentimita 14 hivi kwa umbali wa sentimita 60. Macho yote mawili yanaingia, na kila milimita ya uso inapata karibu pikseli 9. Mboni ya milimita 4 inakuwa na upana wa pikseli 35. Hasara yake ni kwamba mtu akisogeza kichwa sana anatoka kwenye picha. Baba mdogo kichwa chake kimetulia kwenye mto, kwa hiyo kwetu si tatizo.

Kichujio cha kuzuia mwanga wa kawaida. Mwanzoni sikuwa nacho, nikatumia kipande cha negativu ya picha za rangi, ile ncha nyeusi ya mwanzo wa mkanda iliyokwisha kusafishwa. Negativu hiyo inazuia mwanga tunaouona na kupitisha infraredi. Studio za zamani bado wanazo kwenye maboksi.

Mwenye kutumia kamera ya kawaida ya USB atalazimika kuifungua na kutoa kioo kidogo kinachozuia infraredi nyuma ya lenzi, kina mng'ao wa wekundu ukikigeuzageuza. Ukishakitoa lazima urekebishe fokasi upya.

#4 Sindano_Salama

Mkuu samahani nikukate. Mimi ni muuguzi. Infraredi hiyo unammulika mgonjwa machoni saa ngapi kwa siku? Jicho halioni mwanga huo, kwa hiyo halifumbi na mboni haisinyai. Umepima?

#5 Kinyota (mleta uzi)

Dada, swali hili ningetamani liulizwe na kila atakayejenga.

Kikomo kinachotumika kwa mtu anayemulikwa muda mrefu, zaidi ya sekunde 1000, ni milliwati 10 kwa kila sentimita ya mraba kwenye uso wa jicho. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua nguvu ya taa iliyoandikwa kwenye karatasi yake ya kiwandani, kwa milliwati kwa steradiani (kipimo cha upana wa pembe ambamo mwanga unasambaa), uigawe kwa umbali wa sentimita uliozidishwa kwa wenyewe. Taa zangu ni za 100. Kwa sentimita 60 unagawa kwa 3600, inakuja karibu 0.03. Ninazo 12, jumla ni kama 0.33. Tuko mbali sana chini ya kikomo.

Sasa angalia mtu akizisogeza mpaka sentimita 10 ili picha iwe angavu. Unagawa kwa 100. Kila taa inatoa 1, zote 12 zinatoa 12, umeshavuka. Taa ni zilezile, ubao ni uleule, kilichobadilika ni umbali tu. Kwa hiyo nimezifunga kwenye fremu ya skrini kwa skrubu, wala hazishikwi mkononi. Na programu inazizima picha ikikaa dakika moja bila uso. Asiyejua nguvu ya taa zake asizielekeze kwa mgonjwa.

#6 Nyaya_na_Koleo

Mimi nafunga kamera za ulinzi. Niongeze kitu kwa wasiotaka kuagiza taa nje: kamera za nje zilizokufa kwa radi au maji zina ule ubao wa duara wenye taa za infraredi kuzunguka lenzi, na mara nyingi taa zenyewe ni nzima. Nyingi ni za 850, zile zinazoonyesha wekundu hafifu ukiziangalia gizani. Za 940 hazionekani kabisa. Pale Kariakoo mafundi wanazo za kutupa.

Ila kuna kijicho kidogo pembeni ya ubao, cha kupima giza. Mchana kinazima taa zote, utadhani ubao umekufa. Kifunike kwa gundi ya karatasi nyeusi au solotepu ya umeme. Na kabla ya kufunga, washa kisha angalia kwa kamera ya mbele ya simu, utaziona zinawaka zambarau.

Zile kubwa zenye taa mbili au nne nene tu msiguse kwa kazi hii, hizo zimetengenezwa kumulika uwanja.

#7 Kinyota (mleta uzi)

Fundi umesema vizuri, na la mwisho ulilosema watu walishike.

Sasa niingie kwenye picha yenyewe.

Ukimulika jicho, taa inajirudisha kwenye konea, ule uwazi wa mbele wa jicho, kama taa ya dari inavyoonekana kwenye kijiko kilichong'arishwa. Unapata nukta ndogo nyeupe. Mimi naiita kinyota. Kwa sababu konea ni mviringo, jicho likigeuka kinyota kinasogea kidogo, mboni inasogea zaidi. Kichwa kikisogea, vyote viwili vinasogea pamoja. Kwa hiyo ukichora mshale kutoka kwenye kinyota hadi kitovu cha mboni, mshale huo unakuambia jicho limegeuka kiasi gani, na kichwa kikitikisika kidogo hauharibiki. Wazo la kusoma mwendo wa jicho kwa mwanga unaorudi kutoka kwenye konea ni la zamani mno. Dodge na Cline walilifanya kwa bamba la picha mwaka 1901. Na 1974 Merchant na wenzake walishatumia mboni na kinyota pamoja kwa mtu aliyeachiwa nafasi ya futi moja ya ujazo kusogeza kichwa. Tunachofanya leo ni kilekile, ila kwa kompyuta ya mezani.

Mshale huo ni mfupi kuliko mnavyofikiri. Digrii moja inaubadilisha kwa milimita 0.08 hivi. Kwangu hiyo ni pikseli 0.7. Skrini ya inchi 15.6, kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, ni digrii 32. Yaani skrini nzima, herufi zote, maisha yote ya mazungumzo ya baba mdogo, vinakaa ndani ya pikseli ishirini na kidogo. Ndiyo maana kutafuta mboni "kwa makadirio" hakutoshi. Ni lazima uende chini ya pikseli moja.

Hatua ya kwanza ni kizingiti: chukua pikseli zote zilizo nyeusi kuliko kiwango fulani. Kiwango usikiandike namba moja ukaondoka, kisome kutoka kwenye histogramu (hesabu ya pikseli ngapi zina weusi kiasi gani) ya kila fremu, yaani kila picha ya kamera, maana wingu likipita dirishani picha nzima inabadilika. Utapata mabaka meusi kadhaa: mboni, nywele za kope, nyusi, kivuli cha pua. Mboni ya mtu ni kati ya milimita 2 na 8, kwangu ni pikseli 18 hadi 71, kwa hiyo ukubwa peke yake unafuta mengi. Halafu angalia umbo, na angalia kama kinyota kiko karibu. Baka jeusi lisilo na kinyota jirani si mboni.

Hatua ya pili, ukingo. Hapa ndipo niliposhangaa. Kutafuta kitovu kwa kuchukua wastani wa pikseli nyeusi kunatoa jibu linalocheza, kwa sababu kope likifunika juu ya mboni wastani unashuka chini. Badala yake tafuta nukta za ukingo kuizunguka, kisha uzipitishie duaradufu (duara lililobanwa kidogo). Mboni ya pikseli 35 ina nukta za ukingo kama 110. Hata kama kila moja imekosea nusu pikseli, makosa yanafutana, na kwa hesabu ya karatasini kitovu kinakosea pikseli 0.07 tu. Hiyo ni sehemu ya kumi ya digrii. Uwezo wa kuona chini ya pikseli unatoka hapo, kwenye wingi wa nukta zinazokubaliana.

Zisizokubaliana ndizo shida. Ukope mmoja uliolala juu ya mboni, au kinyota kilichokaa ukingoni, kinavuta duaradufu nzima. Dawa yake ni RANSAC ya Fischler na Bolles, ya 1981. Unachukua nukta 5 bila mpangilio (5 zinatosha kuchora duaradufu), unahesabu ni nukta ngapi nyingine zinakubali umbo hilo, unarudia mara nyingi, unabaki na umbo lililokubaliwa na wengi. Starburst, algoriti ya Li, Winfield na Parkhurst ya 2005, imejengwa juu ya wazo hilo: inarusha miale kutoka katikati ya mboni kwenda nje, kila mwale unasimama unapokutana na ukingo. Ukitaka kuelewa kazi hii kwa mikono yako, iandike hiyo kwanza. Niliiandika kwa siku mbili na inasomeka.

Kinyota chenyewe ni pikseli chache. Usikiache kiungue. Kikishafika 255 (weupe wa mwisho ambao pikseli inaweza kuandika) kila mahali kimekuwa baka la weupe, huwezi tena kujua katikati yake iko wapi. Punguza muda wa kamera kufungua mpaka kilele chake kibaki chini kidogo ya ukomo, kisha chukua kitovu kwa uzito wa mwanga.

#8 Chipukizi_wa_Data

Mkuu heshima kwako, kazi ni nzito. Ila siku hizi kwa nini uhangaike na taa na duaradufu? Fundisha mtandao wa neva (programu inayojifunza yenyewe kwa mifano) kwa picha nyingi, kamera ya kawaida inatosha. iPhone tangu iOS 18 inafuata macho kwa kamera ya mbele, na imeanza na iPhone 12. Hakuna kulehemu wala negativu.

#9 Kinyota (mleta uzi)

Mdogo wangu, sikupingi, na mwenye simu hiyo aanze nayo leo kabla hajanunua waya. Kama inamtosha mgonjwa wake, kazi imekwisha.

Ila tazama namba. Mwaka 2016 watafiti walikusanya picha karibu milioni 2.5 kutoka kwa watu zaidi ya 1400, wakafundisha mtandao wa iTracker. Bila kumsawazishia kila mtu (kumpa kwanza nukta za kuangalia ili mashine ilizoee jicho lake), kosa lilikuwa sentimita 1.71 kwenye simu na 2.53 kwenye tableti. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini kwa herufi zilizobanana, sentimita 2.5 ni herufi ya jirani. Kwa vitufe sita vikubwa inafaa. Kwa kuandika "niletee shuka lile la bluu" haifai.

Mtandao nautumia, ila mahali pengine: kutafuta macho yako wapi ndani ya fremu, hasa baba mdogo akiwa amelazwa ubavu na uso umeinama. Viola na Jones wamezoea uso uliosimama. Nikishajua jicho liko wapi, mboni naitafuta kwa duaradufu, maana inapokosea naona kwa macho yangu imekosea wapi. Mtandao ukikosea hauniambii chochote, na mgonjwa hawezi kuniambia pia.

Kitu cha pili ambacho hakiepukiki kwa njia yoyote ni kusawazisha. Mstari tunaoonea hautoki katikati ya mboni moja kwa moja, umepinda digrii 5 hivi, na kila mtu na upindo wake. Hakuna kamera inayouona upindo huo kutoka nje. Lazima mtu aangalie nukta unazozijua. Njia ya kawaida ni nukta 9 na polinomia (fomula inayogeuza mshale kuwa mahali kwenye skrini) ya daraja la pili, yenye namba 6 za kutafuta kwa kila upande. Baba mdogo nukta 9 zilimchosha, ya saba alikuwa ameshafumba. Nikashuka hadi nukta 5, na kwa sababu nukta 5 haziwezi kutoa namba 6, nikapunguza polinomia iwe na namba 4. Pembeni inakosea kidogo zaidi, katikati iko vizuri. Nikasogeza herufi zinazotumika sana katikati: a, i, n, k, u.

#10 Binti_wa_Pwani

Kaka, nimesoma yote mara mbili. Mama yangu alipata kiharusi kwenye shina la ubongo. Anatuelewa, ila macho yake hayaendi kulia wala kushoto. Yanakwenda juu na chini tu, na kupepesa. Niliambiwa mahali kwamba mashine za macho hazimfai. Na kingine: mama hajawahi kukaa bila wanja, hata sasa tunampaka, ndio urembo wake. Kuna njia?

#11 Kinyota (mleta uzi)

Pole sana dada, na mpe mama shikamoo yangu.

Hali hiyo inajulikana. Kiharusi cha sehemu ile mara nyingi kinachukua mwendo wa pembeni na kuacha wa juu na chini. Kwa hiyo usimpe kibodi. Mpe safu moja iliyosimama, visanduku virefu vya upana wa skrini yote, vitatu au vinne. Kusawazisha kwake ni nukta tatu tu, juu, katikati, chini, na hesabu yake ni mstari mmoja.

Ugumu uko kwenye picha. Mtu akiangalia chini, kope la juu linaifuata mboni na kuifunika. Mwendo wa juu na chini ndio ambao kope linauharibu zaidi, na mama hana mwingine. Kwa hiyo kamera iweke chini kabisa ya skrini, iangalie juu kuelekea jichoni, na skrini yenyewe uinyanyue ili kisanduku cha chini kisimlazimishe kushusha macho sana. Kwenye RANSAC tupa nukta za ukingo wa juu, tegemea pembeni na chini.

Wanja: masizi yanameza infraredi kama yanavyomeza mwanga wa kawaida. Kwenye picha utaona utepe mweusi kuliko mboni yenyewe, na kizingiti kitaukamata. Maskara hivyohivyo. Mama asinyimwe wanja wake. Programu ndiyo ijirekebishe: tafuta kinyota kwanza, kisha tafuta weusi wa duara kukizunguka tu. Kinyota kinakaa juu ya konea, wanja uko ukingoni mwa kope.

#12 Mzee_wa_Baraza

Vijana hongereni. Mgonjwa wangu anapenda kukaa barazani asubuhi na anavaa miwani. Vipi hapo?

#13 Kinyota (mleta uzi)

Shikamoo mzee.

Jua ndilo adui mkubwa, maana lenyewe limejaa infraredi. Barazani kinyota kinazama kwenye mwanga na mboni inasinyaa. Taa za 940 zinasaidia kidogo, kwa sababu mvuke wa maji ulioko angani unameza sehemu ya jua kwenye rangi hiyo, lakini kamera nazo huona hafifu hapo. Kwa uzoefu wangu ni afadhali kumgeuza mgonjwa jua lisimpige usoni wala kwenye lenzi, na kutundika kitenge pembeni.

Miwani inarudisha mwanga baka kubwa, mara nyingi juu ya mboni kabisa. Weka taa mbili, kushoto na kulia, mbali na kamera. Baka la moja likiziba, ya pili inabaki wazi. Faida nyingine ya taa mbili ni vinyota viwili: umbali kati yao kwenye picha unapungua mtu akirudi nyuma, kwa hiyo ukigawa mshale kwa umbali huo, kusogea mbele na nyuma hakukusumbui sana.

Ipo pia njia waliyoitumia Morimoto na wenzake pale IBM Almaden mwaka 2000. Taa zilizo karibu kabisa na lenzi zinafanya mboni iwake, kama macho mekundu kwenye picha za flashi. Taa za mbali zinaiacha nyeusi. Ukiwasha kwa zamu na kutoa picha moja kwenye nyingine, karibu kila kitu kinajifuta na mboni inabaki peke yake. Ni njia ya kupendeza. Niliijaribu nikaiacha, kwa kuwa watu hawafanani katika mboni zao kuwaka, na mchana mboni ikisinyaa mwako unafifia. Mwenye chumba chenye giza kidogo aijaribu.

#14 Binti_wa_Pwani

Narudi na majibu ya wiki tatu.

Nilipata ubao wa kamera iliyokufa, nikafunika kile kijicho kama fundi alivyosema. Nimebakiza taa sita, karatasi yake ya kiwandani nimeipata na nimepiga hesabu ya umbali. Kamera nimeiweka chini, imeegemea kopo la maziwa, inaangalia juu. Wanja upo. Siku mbili za mwanzo mashine ilikuwa inaukamata wanja, nikageuza ianze na kinyota, ikaacha.

Nimempa visanduku vitatu: MAJI, NIGEUZE, NITOE NJE. Akikaa kwenye kimoja sekunde moja na nusu, kinasema kwa sauti. Mara ya kwanza akachagua NIGEUZE. Nikamgeuza. Nikarudi kuketi, akaangalia tena, NIGEUZE. Nikadhani mashine inakosea, nikafungua picha: duaradufu imekaa sawasawa juu ya mboni. Kumbe nilimgeuzia upande wa bega linalomuuma.

Kisanduku cha chini bado kinapotea, kope linafunika zaidi ya nusu. Kesho nainua skrini kwa vitabu viwili zaidi.